Alasiri haingoji mchangani

Kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anafanya kazi Muscat, Oman, alinipigia simu. Jumamosi yeye na wenzake wa klabu huenda na Land Cruiser zao jangwa la Sharqiya kupanda vilima vya mchanga. Je, ni haramu?

Mchezo wenyewe sikuuharamisha. Hupunguza upepo wa matairi hadi karibu paundi 15 ili gari lisizame, hawaendi mmoja mmoja, na huteua kiongozi. Haya mawili ya mwisho Mtume (SAW) aliwafundisha wasafiri zamani, sijui kama wanaklabu wanalijua hilo.

Nikamuuliza: Alasiri mnaiswalia wapi? Akanyamaza. Kumbe jua likipungua ndipo mchezo unaponoga, basi huisogeza hadi Magharibi! Msafiri ameruhusiwa kuifupisha na kuikusanya na Adhuhuri. Kuikusanya na Magharibi, ruhusa hiyo haipo. Wala maji si udhuru; yakiwa ni ya kunywa tu, vumbi la mchanga ule ule wanaoupanda linatosha kutayamamu. Gari moja likizama, msafara mzima husimama kulivuta. Rakaa mbili je?

Ameahidi kumwambia kiongozi wao kabla hawajaiacha lami.