Filamu Isiyoona Wekundu

Filamu ya eksirei haioni rangi nyekundu. Piga nayo picha njia ya vumbi huku Ruiru, na ule udongo tunaokwangua viatuni utatoka mweusi kama lami. Hata Ruiru 11, ile kahawa iliyozaliwa kwenye utafiti hapa hapa na kuanza kupewa wakulima mwaka 1985, itakuchezea: ukitumia filamu inayoona kijani, tunda lililoiva litakuwa jeusi na lile bichi litang'aa. Kwa mandhari, hiyo ni raha tupu. Shida huanza mtu anapokaa mbele ya kamera.

Wanaoitumia ni wapenzi wa zile kamera kubwa za miguu mitatu, ambazo mpigaji hujifunika kitambaa cheusi kichwani. Sababu ni pesa, hakuna falsafa hapo. Filamu zilizotengenezewa kamera hizo ni ghali, unalipia kila karatasi, wakati boksi la eksirei lenye karatasi 100 za inchi 8 kwa 10 ni nafuu mno. Tena hospitali zinazidi kuhamia eksirei za kompyuta. (Kama boksi halijapitwa na tarehe na kuna zahanati inalihitaji, liache. Hilo halihitaji insha.)

Upofu huu ulikusudiwa, na ulikusudiwa kwa wema. Hospitalini filamu hukaa katikati ya bamba mbili zinazowaka buluu au kijani zikipigwa na mionzi. Filamu inaona mwako huo, na imepakwa dawa pande zote mbili ili mgonjwa apigwe na mionzi michache zaidi. Na kwa kuwa haioni nyekundu, mfanyakazi wa chumba cha giza anaweza kuwasha taa nyekundu akaona mikono yake. Mgonjwa alifikiriwa, mfanyakazi akafikiriwa. Rangi ya uso haikufikiriwa, na kwani kulikuwa na haja gani? Mfupa wako na wa Mzungu hutoka sawa.

Lakini ngozi yetu ya hudhurungi hurudisha zaidi mwanga wa upande wa nyekundu, ule ule ambao filamu haiuoni. Kwa hiyo uso unazama, midomo inakolea, kila chunusi inajitangaza, na shati jeupe linawaka kama taa. Hata mweupe hutoka mweusi kidogo, ila yeye ana akiba. Aliyeanza na giza hana pa kwenda.

Sasa tuseme umempiga picha mama anayeuza ndizi karibu na stendi ya Thika. Anaitazama, anauliza, "Kijana, mbona umenipaka masizi?" Jibu liko mdomoni tayari: ni filamu, mathe, si mimi. Jibu hilo mimi silikubali. Filamu haikujichagua. Aliyeitengeneza alikuwa na mgonjwa akilini. Wewe uliyeihamishia usoni kwa mtu ndiwe uliyejua itamfanya nini. Wema wa kifaa hauhami nacho.

Kuna watakaoniuliza, kwani weusi ni tusi? Mji huu unauza krimu za kujichubua, na simu zinatung'arisha bila hata kutuuliza. Si picha nyeusi tii ndiyo dawa yenyewe? Hoja hii ina uzito, na napenda picha za aina hiyo zikiwa ukutani. Ila dawa hunywewa na aliyekubali kuinywa. Isitoshe, huenda mama halalamikii rangi hata kidogo. Weusi una mengi ndani yake: mng'ao wa shavu, mkunjo wa tabasamu, jicho linalokutilia shaka. Akiangalia asione hata kimoja, kilichopotea si weupe. Ni yeye.

Ufundi wa kumrudisha upo. Pima mwanga shavuni, usipime shatini, kisha iachie filamu muda mrefu zaidi. Mawingu yatafutika, anga iwe nyeupe kama karatasi. Lazima kitu kimoja kilipe, na mimi naona heri mawingu.

Tusidhani pia kwamba mwanga ndio haki. Kule Afrika Kusini, kamera za Polaroid zilitumika kutengeneza picha za pasi za ubaguzi, na ile iitwayo ID-2 ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya taa. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kuipinga biashara hiyo, na mwaka 1977 kampuni ikajitoa. Uso uking'aa kwenye pasi ulimrahisishia polisi kazi ya kumsimamisha mwenyewe barabarani. Babu zetu waliovaa kipande shingoni wangeelewa mara moja. Hakuna aliyewauliza.

Kamera kubwa angalau ina polepole yake. Kuitega, kulenga, kupima, yote huchukua dakika kadhaa, na dakika hizo zinatosha kusema: mathe, filamu hii itakufanya mweusi kuliko ulivyo, na midomo itakolea, bado unataka? Mwonyeshe moja uliyopiga awali. Akikataa, simu iko mfukoni. Na ndizi zake nunua tu.