Dhamana ya Mkono wa Mwingine

Kitu cha mtu kikiharibika mkononi mwa mwingine, hasara ni ya nani? Swali hili lina umri mkubwa kuliko gari. Yapata miaka 3,750 iliyopita, sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilimtaka aliyekodi ng'ombe akamvunja mguu alipe ng'ombe kwa ng'ombe. Lakini simba akimuua mbugani, hasara ilikuwa ya mwenyewe. Mkulima wa Bukundi, wilayani Meatu, aazimaye maksai wa kulimia, huielewa haki hiyo bila kuisoma. Jeraha la nira huonekana shingoni.

Jeraha la gari la umeme halionekani. Likizimika njiani, kisha likakokotwa huku magurudumu yazungushwayo na mota yakigusa ardhi, mota huzunguka pia, nayo yaweza kuzaa umeme na joto la kuunguza vyombo vyake. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huagiza libebwe juu ya lori. Rangi haichubuki, bati halibonyei. Gari hufika zima machoni, bovu moyoni. Mvutaji husema amelikuta limekufa; mwenyewe husema limeuawa. Kila mmoja aweza kuwa mkweli kwa kadiri ya ajualo.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania ya mwaka 1961 yagawa wajibu pande mbili: apokeaye kitu akitunze kama mtu wa busara ya kawaida atunzavyo chake, naye akitoaye aeleze kasoro aijuayo iwezayo kuleta hatari. Hapa napata kipimo: deni la ajuaye ni kusema, na deni la apokeaye ni kuuliza. Alipwaye kwa ufundi wake hawezi kuufanya ujinga kuwa ngao. Lakini mwenye gari ajuaye hatari, akanyamaza ili apate kamba kwa bei nafuu, amejidhulumu mwenyewe. Wakinyamaza wote, na waigawe hasara.

Yuko na wa tatu: msafiri aliyesimama kusaidia bila ujira. Huyu apimwe kwa mizani ya upole. Katika mbuga za Meatu, ambako lori la kubebea magari ni adimu, hukumu imwadhibuyo mwema sawa na mzembe italilipa gari moja, na kuwaacha wengi njiani usiku bila wa kuwasimamia.