Bahasha Nyembamba



Vijana wenzangu, leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Ilikuwa likizo ya mwaka 2022, nyumbani Chunya. Mwaka ule mnaukumbuka: vita vya Ukraine vilianza Februari, na kufikia Mei lita ya petroli ilishapita shilingi 3,000. Dizeli nayo haikubaki nyuma. Na kwetu dizeli ndiyo inayoendesha pampu za kutoa maji mashimoni na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Ikipanda bei, hata muuza maandazi anajua.

Siku ya kuniaga, jumuiya ilinipa bahasha ya nauli kama ilivyo kawaida yao. Nikaifungua chumbani. Shilingi 18,000. Likizo iliyotangulia ilikuwa 50,000. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa shukrani. Lilikuwa hili: "Yaani elfu kumi na nane tu? Hawa watu wananichukuliaje?"

Kesho yake asubuhi nilimkuta dukani mama mweka hazina wa jumuiya, anapimiwa mafuta ya kula ya mia tano. Aliponiona akasema kwa sauti ya chini, "Frateri, utusamehe. Safari hii tulishindwa." Nikakosa pa kuweka uso. Nikasema "Asante sana, mama," na hiyo asante ilikuwa imechelewa siku nzima.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kuwa haki ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Sasa, katika ile 50,000 ya zamani, changu kilikuwa kipi? Hakuna. Ilikuwa zawadi tangu mwanzo. Lakini mazoea yana taabu: zawadi ikirudi mara ya tatu, moyo unaiandika kwenye daftari la madeni.

Nisieleweke vibaya. Kijana aliyeshuka shimoni Itumbi au Makongolosi, akapandisha mawe, halafu akapunjwa mgao wake wa viroba, ana haki ya kudai. Papa Leo XIII alitetea ujira wa haki katika Rerum Novarum mwaka 1891, na Mtume Yakobo anaonya kwamba ujira uliozuiwa unamlilia Mungu. Tofauti ni kwamba kijana huyu anaweza kutaja nani anamdai na kwa kazi gani. Mimi sikuweza. Nilikuwa nadai tu, bila kujiuliza nani atalipa. Kumbe ni mama wa mafuta ya mia tano.

Wale vibarua wa alfajiri katika Mathayo 20 walipewa dinari yao kamili, kama walivyopatana. Kilichowauma ni hesabu waliyojipigia wenyewe kichwani.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujamnunia mjomba aliyepunguza hela ya matumizi, jiulize maswali mawili. Tulipatana? Na nikipewa, nani atalala na njaa?

Tena Thomas anatukumbusha kuwa hata haki ya Mungu inasimama juu ya huruma yake. Hakuna kati yetu aliyekuwa anamdai Mungu amuumbe.

Tusali: Ee Bwana, nisaidie kudai kilicho haki, na kushukuru kwa kilicho zawadi. Nikivichanganya, nikutanishe na anayelipa. Amina.