Nani Mwenye Haki ya Kukipa Kilele Jina?

Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni Kibo, mita 5,895, akapaita kwa jina la mfalme wake, Wilhelm. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, pakaitwa Uhuru. Je, kutangulia kufika kunampa mtu haki ya kutoa jina? Nakataa. Meyer alipokuja Burundi mwaka 1911 alikuta vilima vina majina, maana vina wenyewe. Kilimanjaro nako Wachaga walikuwapo. Mtu akisema kwamba kwenye barafu hapakai mtu, nitamjibu kwamba maji ya mlima ule hunywewa na walio chini. Hapa Gasenyi nyumba mpya zinapanda mlimani. Kabla ya kuupa mtaa jina, tuwaulize waliolima pale.