Nambari ya Jamaa wa Karibu

Kwenye fomu ya kliniki kuna mahali ambapo wengi wetu hujaza bila kufikiri: jina na nambari ya simu ya jamaa wa karibu. Mimi niliandika ya mama. Nilidhani wataipiga nikizirai, ama nikifa.

Waliipiga kwa sababu ya shilingi 6,400.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, usingizi hauji, nalia kwenye matatu kama mtu aliyefiwa. Kliniki moja hapa Nairobi ilinipokea. Nilionana na mshauri nasaha mara nne, na mara mbili za mwisho wakaniambia nitalipa nikipata. Sikupata. Wakaanza kupiga simu, nami nikawa naiangalia ikiita mpaka inyamaze. Hapo siwezi kujitetea: deni lilikuwa langu na nililikimbia.

Basi mhasibu akampigia mama huko Voi. Kwa adabu zote, akamwambia mwanawe anadaiwa pesa za kutibiwa msongo wa mawazo. Mama alikuwa anajua bado niko chuoni. Alituma pesa siku hiyo hiyo, pesa za chama, halafu akanipigia. Deni hakuligusia. Aliuliza tu, "Kwani nilikukosea wapi, hata ukaenda kumwambia mtu baki?"

Rafiki yangu mmoja hakunionea huruma. "Si wewe ndiye ulikataa kushika simu? Ulitaka wafanye nini?" Na ana hoja. Kliniki ndogo inalipa nesi na kodi ya nyumba kwa hizo hizo 6,400 za watu kama mimi. Wangeweza kunishtaki. Wangeweza hata kumwambia mama, "Tafadhali mwambie atupigie," wakakata simu. Lakini ugonjwa wangu uliingiaje kwenye hesabu? Labda mhasibu hakukusudia ubaya, alisoma tu kilichoandikwa kwenye skrini. Pesa zilikuwa zao. Kile alichokisoma hakikuwa chao.

Sheria iko, tena si haba. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda mtu dhidi ya kufichuliwa habari zake za faragha pasipo haja, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia nambari ilizozipata kwa watu wengine kutuma vitisho. Na tangu 2015 Mahakama Kuu ilishaamua kwamba haki za akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya bili zilivunjwa. Kwa hivyo mwili wako haufai kushikwa rehani. Siri yako je?

Ila nisijifanye kwamba ni kliniki peke yao. Fungua WhatsApp yako sasa hivi. Kuna grupu ya mchango, kuna picha ya mzee wa watu kitandani, mpira puani, shati wazi, ugonjwa umeandikwa kwa jina lake kamili, na chini yake nambari ya kutuma pesa. Nani alimuuliza huyo mzee? Na hata kama aliulizwa, angekataa vipi, na bili inapanda kila asubuhi? Mwenye bima nzuri hajawahi kutuonyesha kidonda chake. Sisi wengine tunalipa kwanza kwa siri, ndipo tunachangiwa. Mimi mwenyewe nimesambaza picha kama hizo, na nikajiona mtu mwema.

Juzi nilienda kung'olewa jino, kliniki nyingine. Fomu ni ile ile. Pale kwenye jamaa wa karibu niliandika nambari yangu mwenyewe.

Nesi akaiangalia, akaniangalia. "Kwani huna mtu?"