Koti la Mwanamke na Baridi ya Nakuru

Ndugu zetu wa Pwani walio bara huulizana: Je, yafaa mwanamke wa Kiislamu kuvaa koti la Kizungu? Neno hili lataka kupimwa kwa akili, wala si kwa hasira.

Mji wa Nakuru uko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari. Alfajiri ya Julai huko si alfajiri ya Mombasa. Leso na buibui havitoshi kuizuia baridi ile. Na kuulinda mwili usidhurike ni wajibu, si anasa.

Wenye kukataza husema: koti ni vazi la kigeni. Hoja hiyo ni dhaifu. Buibui nalo lilitujia kutoka Arabuni, likaenea Pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 20. Bibi zetu wa kale hawakulijua. Na sisi wanaume twavaa koti juu ya kanzu, twaingia nalo msikitini na arusini, wala hapana atuulizaye asili yake. Vipi basi ugeni uwe halali kwa mume na haramu kwa mke? Huo si uadilifu.

Hata hivyo, makoti si sawa yote. Mwaka 1947 Christian Dior, fundi wa mavazi wa Paris, alitoa mitindo iliyotangaa duniani: kiuno kimebanwa kama cha nyigu, na chini yake sketi pana zenye kula kitambaa kingi. Mitindo hiyo ilipofika Uingereza, watu wa huko walikuwa wangali wakinunua nguo kwa kuponi, na mgao huo haukwisha ila mwaka 1949. Wengi walinung'unika, na walikuwa na haki. Utazame mchoro wa koti la namna hii: mwanamke aliyemo hasikii baridi, wala hana mtoto wa kubeba, ni umbo lililochorwa litazamwe. Aliye hai akiufuata, hujibana yeye ili koti lipendeze.

Basi kipimo ni hiki: je, koti lamtumikia mvaaji, au mvaaji ndiye alitumikiaye koti? Lililo pana, lenye kusitiri na kutia joto, hata likiwa la mtumba, ni neema. Lililo la kujionyesha, au la kuitia nyumba katika deni, ni israfu. Na kipimo hicho tuanze kukitumia kwa makoti yetu sisi wanaume.

Wallahu aalam.