Aliyeshika Kamera

Karibu kila mtu anayepanda milima anaijua picha hii. Mtu amesimama juu ya theluji, mguu mmoja uko juu kidogo kuliko mwenzake, mkono umeinua shoka la barafu, na kwenye mpini wa shoka zimefungwa bendera nne zinazopeperushwa na upepo: ya Umoja wa Mataifa, ya Uingereza, ya Nepal na ya India. Uso wake huuoni, umefichwa na miwani na barakoa ya oksijeni. Nyuma yake ni mbingu tupu. Ilipigwa tarehe 29 Mei 1953, muda mfupi baada ya saa tano na nusu asubuhi, kwenye kilele cha Everest.

Wageni wengi ninaowapandisha Kilimanjaro wakiiona husema huyo ni Edmund Hillary. Siye. Huyo ni Tenzing Norgay, mtu wa jamii ya Washerpa wa Himalaya, aliyekuwa amekwisha kuujaribu mlima ule mara kadhaa tangu miaka ya 1930.

Mimi ni mwongoza watalii, mzaliwa wa Marangu, na kila safari kazi yangu huishia kwenye kupiga picha. Mgeni ametembea usiku kucha kutoka kambi ya Barafu, midomo imepasuka, machozi yanamtoka bila yeye kujua sababu. Anafika kwenye kibao cha Uhuru, mita 5,895, ananikabidhi simu. Navua glavu, kwa sababu kioo cha simu hakisikii kidole kilichofunikwa, na ndani ya muda mfupi vidole vinaanza kuuma kama vimebanwa mlangoni. Ndiyo maana nilipoitazama picha ya Tenzing, macho yangu hayakukaa sana kwake. Nilitaka kumjua aliyekuwa mbele yake.

Ukiuliza mpiga picha wa msafara ule wa Everest alikuwa nani, utatajiwa Alfred Gregory, kwa kuwa ndiye aliyekabidhiwa kazi ya picha chini ya kiongozi wao, John Hunt. Lakini Gregory hakufika kileleni. Tarehe 28 Mei yeye, George Lowe na Msherpa Ang Nyima walisaidia kupandisha mizigo ya kambi ya mwisho hadi karibu mita 8,500, kisha wakageuka wakashuka. Usiku ule walibaki wawili tu kwenye hema. Mmoja ndiye tunayemwona pichani. Basi aliyepiga ni yule wa pili, Hillary, mfuga nyuki kutoka New Zealand, kwa kamera yake ya Kodak Retina.

Alieleza kwamba aliibeba kamera ile ndani ya shati ili isigande. Niliposoma hapo nilimjua mtu huyu, maana nasi tunafanya vivyo hivyo: simu ya mgeni hukaa kifuani, chini ya nguo zote, la sivyo betri inakufa kabla ya kufika Stella Point, chini kidogo ya Uhuru. Alipofika juu aliitoa, akampiga picha Tenzing, kisha akapiga pande zote matuta ya mlima yanayoshuka kutoka kileleni, ili kusiwe na mtu wa kusema hawakufika. Walikaa pale kama robo saa. Katika picha zote hizo hakuna hata moja ya Hillary mwenyewe.

Kwa nini? Yapo maelezo mawili, na yote yametoka kwa wenyewe. Hillary alisema kwamba kwa kadiri alivyojua, Tenzing hakuwahi kupiga picha maishani, na kilele cha Everest hakikuwa mahali pa kumfundisha. Tenzing, katika kitabu cha maisha yake alichomsimulia James Ramsey Ullman kikatoka mwaka 1955, alisema alimwashiria Hillary kwamba sasa ni zamu yake kupigwa picha, na Hillary akatikisa kichwa kukataa.

Watu wamegombana juu ya maelezo haya mawili. Mimi sioni yanapogongana. Mtu anaweza kuwa na sababu ya akilini, kwamba mwenzangu hajui kamera, na wakati huohuo kichwa chake kikatikisika kwa sababu nyingine ambayo hata yeye hakuichunguza. Pale juu akili haifanyi kazi kama huku chini. Nimewaona madaktari wakishindwa kufunga kamba za viatu vyao, na wao walikuwa chini ya Hillary kwa karibu kilomita tatu.

Nilimsomea habari hizi baba yangu mdogo, mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri, mtu aliyezika na kubariki nusu ya kijiji chetu.

"Shikamoo, baba. Nataka unisaidie jambo. Mtu akifanya tendo kubwa asionekane, amepungukiwa na kitu?"

"Marahaba, mwanangu. Kama anayeangalia ni binadamu, labda. Kama anayeangalia ni Mungu, hakuna kinachopungua." Akanikumbusha mafundisho ya Bwana juu ya wanaopiga panda wakitoa sadaka: thawabu yao wamekwisha kuipata. "Huyo Mzungu wako alifanya vyema. Picha ni panda."

Namheshimu sana, lakini jibu lile halikunitosha. Kama picha ni panda, basi Hillary aliipuliza kwa ajili ya Tenzing, na matuta yale yote aliyapiga kwa nini? Aliyapiga kwa sababu walihitaji kuaminiwa. Na kuaminiwa si majivuno. Kazi yangu imenifundisha tofauti hiyo.

Mgeni akimaliza safari, kwenye lango la Mweka au la Marangu hupewa cheti cha hifadhi kinachosema amefika wapi. Askari wa langoni hakuwepo juu. Anamuuliza mwongozaji, na saini yangu huwekwa kwenye karatasi ile. Cheti hakisimami juu ya picha, kinasimama juu ya neno langu. Wakati mmoja mgeni aliyeishiwa nguvu Stella Point, saa nzima kabla ya Uhuru, alinivuta kando tukiwa Mweka. Alikuwa mtu mzima, mpole, amechangisha fedha kwao kwa ajili ya watoto wagonjwa, na wachangiaji walikuwa wanasubiri habari ya kileleni. Aliniomba niseme alifika. Hakutaja fedha, na kwa hilo nilimheshimu. Alisema tu, "Nani ataumia?"

Sikumjibu mara moja. Nilitazama mikono yake, kucha zimekuwa za kijivu, na nilijua amepanda kwa uchungu kuliko wengi waliofika. Lakini katika Katekisimo tuliikariri Amri ya Nane, ile ya kutoshuhudia uongo, na sikupata mahali ilipoandikwa kwamba uongo wa huruma hauhesabiwi. Nilimwambia nitaandika Stella Point, na kama wachangiaji wake wakitaka kuzungumza nami nitawaeleza alivyofika hapo. Alikasirika, kisha akalia. Cheti cha Stella Point alikichukua.

Tangu siku ile naona kwamba mpiga picha na mwongozaji wana kazi moja, ya ushahidi. Na shahidi lazima awe nje kidogo ya jambo analolishuhudia. Huwezi kuwa ndani ya picha na nyuma ya kamera kwa pamoja. Simu zetu za leo zinajidai kwamba unaweza, na wageni wengi hujipiga wenyewe, uso umejaza kioo na mlima umebaki upande wa sikio. Lakini katika Torati neno huthibitishwa kwa mashahidi wawili au watatu, na mtu hajihesabu mwenyewe kuwa mmoja wao.

Miaka 29 kabla ya Hillary na Tenzing, George Mallory na Andrew Irvine walionekana kwa mara ya mwisho wakipanda upande wa kaskazini wa mlima uleule, tarehe 8 Juni 1924. Aliyewaona ni mwenzao, Noel Odell, mawingu yalipofunguka kwa muda mfupi, kisha yakajifunga. Yeye ndiye pia aliyewapiga picha ya mwisho siku mbili kabla, wakijiandaa kuondoka kambini. Walikuwa na kamera ndogo ya Kodak, waliyoazimwa na Howard Somervell. Mwili wa Mallory ulipatikana mwaka 1999. Kamera haikuwa naye. Picha ya mkewe, Ruth, ambayo inasemwa alikuwa amekusudia kuiacha kileleni, nayo haikuwa mfukoni, na wapo wanaoona hiyo ni dalili kwamba alifika akaiacha.

Hillary alipokuwa juu mwaka 1953 aliangaza macho akitafuta alama yoyote ya wale wawili. Hakuiona. Jambo hili linanigusa kuliko yote. Alikuwa na robo saa katika mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kujulikana kufika, oksijeni iliyobaki ni kidogo, na sehemu ya muda ule aliitoa kutafuta ushahidi ambao ungemwondolea yeye sifa ya kuwa wa kwanza. Angeuona, angeshuka na kuusema, siamini vinginevyo.

Na kuna jambo jingine lililofanyika pale ambalo halimo katika picha ile. Tenzing alichimba kishimo katika theluji akaweka pipi, biskuti na chokoleti, sadaka kwa miungu ambayo watu wa dini yake, Wabudha wa Himalaya, wanaamini inakaa kwenye mlima ule. Aliweka pia kalamu ndogo ya risasi aliyopewa na binti yake. Hillary naye akaweka kando yake msalaba mdogo aliokabidhiwa na Hunt. Baada ya hapo theluji na upepo vikafanya kazi yake. Katika robo saa ileile, watu haohao wawili walitengeneza ushahidi wa kuonyesha dunia na wakazika zawadi isiyopaswa kuonekana na mtu.

Baba mdogo alipenda sana sehemu ya msalaba, ya pipi akanyamaza. Nilimwambia mimi naona zote mbili zilipelekwa kwa moyo ule ule wa kushukuru, na hapo hatukukubaliana. Yeye ana mafundisho yake ya ibada ya kweli, nami siwezi kumhukumu mtu aliyepanda hadi pale akakumbuka kalamu ya mwanawe. Lakini kwangu muhimu ni kwamba hawakuchanganya. Shughuli ya watu waliifanya kwa watu, na kwa kamera. Shughuli ya Mungu waliificha. Tabu yetu siku hizi ni kwamba tunapiga picha mpaka sala.

Waliposhuka, vita vilivyofuata havikuwa vya kamera, vilikuwa vya mguu: nani alikanyaga kwanza? Wanepali na Wahindi walitaka awe Tenzing, na picha ilikuwa upande wao, kwa kuwa ndiye pekee anayeonekana juu. Kule Kathmandu wawili wale walitia saini tamko kwamba walifika karibu pamoja. Miaka miwili baadaye, katika kitabu kile alichomsimulia Ullman kwa kuwa mwenyewe hakujua kuandika, Tenzing alisema wazi kwamba Hillary ndiye aliyetangulia kukanyaga, naye akafuata hatua chache nyuma.

Tafakari alichokitoa. Picha ilimpa yeye kilele kizima. Mwenzake hakuwa na hata kipande kimoja cha filamu cha kumtetea. Angekaa kimya, mamilioni ya watu waliompenda wangefurahi, na Hillary alikuwa amekwisha kukubali tamko la pamoja. Lakini alifungua kinywa akamshuhudia mtu asiyeonekana pichani. Hillary alimpa Tenzing picha, Tenzing akampa Hillary neno. Sioni kama mmoja alitoa pungufu.

Nilipomaliza kumsomea hayo, baba mdogo alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza msafara ule ulikuwa na wapagazi wangapi. Nikamwambia zaidi ya 300. "Na hao, nani aliwashuhudia?" Nikasema wengi wao hakuna. "Mungu anawajua," akasema.

Ni kweli, anawajua. Lakini ile Amri ya Nane haikutolewa ili Mungu aishike, tulipewa sisi. Hapa kwetu Kilimanjaro, katika safari ya Hans Meyer ya mwaka 1889, safari ya kwanza iliyoandikwa kufika juu ya Kibo, kilele cha mlima wetu, tunalijua jina la Mwini Amani wa Pangani, aliyekaa na Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller kwenye kambi ya juu, kwa sababu moja tu: Meyer aliliandika. Wapagazi wangu wanabeba mahema, majiko na maji, na langoni wanaimba, mgeni anapiga video, anawapungia mkono, anaondoka bila kujua hata jina la aliyembebea begi lake siku zote hizo.

Kwa hiyo siku ya mwisho, kabla ya kushuka Mweka, natafuta karatasi na kuandika majina yote, kila mmoja na alichobeba, namkabidhi mgeni pamoja na simu yake. Baba mdogo anasema huo ni mzigo wa bure. Safari iliyopita mgeni mmoja aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, akaniuliza Elibariki ni yupi. Nikamwonyesha. Akaenda kumwita kwa jina.